Wiki ya Mbalamwezi

Baraka, tarehe 14 Oktoba 2023

Baba,

Assalam alaikum. Barua hii nimempa Mahmudu wa boti ya soko mkononi, kwa sababu nimejaribu simu yako siku nne, na najua huwezi kupanda mlima kila siku kutafuta rezo ya simu. Shangazi Hawa ni mzima. Mimi pia ni mzima, isipokuwa jambo moja, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Baba, silali.

Nikueleze vizuri ili usidhani ni uvivu. Shuleni kwetu hakuna vitabu. Mwalimu anasoma, sisi tunaandika mbiombio katika daftari la ovyo. Tukirudi nyumbani tunanakili yote tena katika daftari safi, vichwa vya habari kwa kalamu nyekundu, michoro kwa rula, bila kufuta, maana ukifuta mara moja unarudia ukurasa mzima. Hapo mazoezi bado hujayagusa. Tuna walimu wanane, na kila mmoja anatoa kazi ya nyumbani kama vile wale saba wengine wamesafiri. Juzi nilikuwa na kurasa kumi na nne za kunakili, hesabu ishirini, insha ya Kifaransa na mchoro wa figo. Nilianza baada ya kuosha vyombo, nikamaliza jogoo wa jirani ameshawika mara ya pili. Saa moja asubuhi tunapanga mstari uwanjani.

Sasa nalala darasani. Sitaki, lakini nalala macho wazi na mkono unaendelea peke yake. Jumatano nilizinduka nikakuta nimeandika mistari mitatu isiyo lugha ya mtu yeyote. Mwalimu Henri, ambaye ndiye mwalimu wa darasa letu la sita la sekondari, amesema atakayekutwa amesinzia atanakili somo hilo mara tano. Basi aliyelala leo mchana, usiku halali kabisa, na kesho mchana atalala zaidi. Sijui walimu hawaoni hilo au wanaliona.

Kwa Shangazi nakaa chumba kimoja na mwenzangu wa darasa, Arlette, msichana wa Lubondja. Yeye analala muda wa saa tatu tu, kisha anaamka anacheka. Mimi siwezi.

Ombi langu ni moja. Mwalimu Henri hawasikilizi wanafunzi, ila wazazi anawasikiliza kidogo. Baba wa Fanny aliandika barua, na Fanny akaondolewa kunakili, anafanya mazoezi tu. Niandikie kama hiyo. Mistari miwili inatosha: naomba mwanangu aondolewe kunakili. Usiongeze kitu, Baba. Nakujua.

Mtihani wa Serikali ni mwaka huu. Bila diploma hiyo sitaingia shule ya wauguzi, nawe unakumbuka nilichosema siku Mama alipofia botini tukitafuta nesi wa kumsaidia. Nataka kufika mtihanini nikiwa bado nina kichwa.

Mwanao,
Riziki


Ubwari, tarehe 19 Oktoba 2023

Mama yangu Riziki, uliyebeba jina la mama aliyenizaa,

Barua nimeisoma, halafu nikawasomea vijana wa boti, tukacheka mpaka Mzee Alimasi akamwaga chai. Usiku hulali! Sasa nani analala usiku? Mimi tangu nina miaka kumi na mitano, usiku nimelala nikiwa na homa tu. Jua likizama tunaingia ziwani, tunawasha taa, tunawangoja ndagala, dagaa wetu hawa, wafuate mwanga. Asubuhi tunarudi, wanawake wanaanika, sisi tunajinyoosha mpaka alasiri. Usiku ni wa kazi, mchana ni wa kulala, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Mtu wa kalamu na mtu wa wavu ni mamoja.

Kazi si kosa, mama. Kosa ni kwamba mwalimu wako hajaelezwa kuwa mtu aliyefanya kazi usiku lazima alale mchana. Yeye ni mtu wa ofisi, atajulia wapi? Basi nimemwandikia. Mistari miwili ni ya kuombea chumvi kwa jirani. Mimi nimejaza ukurasa, kwa heshima zote, na habari ya mbalamwezi nimeitia humo. Utaona mwenyewe.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inama, mwanangu, mwaka mmoja tu.

Baba yako,
Useni


Ubwari, tarehe 19 Oktoba 2023

Kwa Mwalimu Henri,

Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni Useni, baba yake Riziki, kiongozi wa boti ya ndagala yenye vijana sita. Sikusoma sana. Niliishia la tano la msingi, lakini kazi ya usiku naijua kuliko mtu yeyote hapo Baraka, ndiyo maana nathubutu kukupa shauri.

Mtoto anasema unampa kazi nyingi ya usiku. Ni vizuri, mpe, usimwonee huruma. Ila kijana wangu akitoka ziwani asubuhi, simwambii akashone nyavu. Namwacha alale. Basi nawe, ukimwona Riziki ameinamisha kichwa darasani, mwache. Mimi baba yake nimeruhusu. Akiamka atafanya kazi ya watu wawili.

La pili. Mwezi ukijaa, ndagala hawafuati taa zetu, na wavu unarudi mtupu. Wiki hiyo hatuingii ziwani. Tunalala, tunashona, tunacheza na watoto. Naomba nawe umpe mwanangu wiki ya mbalamwezi, moja tu kila mwezi, asiandike kitu usiku. Hili si la kudekeza. Nilikuwa na kijana aliyekuwa akienda kukodiwa na boti za mizigo wiki hizo za mbalamwezi, hapumziki. Alisinzia akiwa ameshika kamba, akaingia majini, tukampata siku ya tatu. Kwa hiyo nayajua ninayoyasema.

Nisamehe mwandiko.

Useni


Baraka, tarehe 27 Oktoba 2023

Papa Useni mheshimiwa,

Barua yako imenifurahisha kupita kiasi. Nafundisha mwaka wa kumi na moja huu, na sijawahi kupata shauri la namna hiyo kutoka kwa mzazi. Niliona ni dhambi kuifaidi peke yangu. Kwa hiyo niliisoma mbele ya darasa zima, nikamwita Riziki asimame kando yangu ili wenzake wamwone vizuri binti wa mtu mwenye hekima. Pale pa ndagala tulirudia mara mbili. Sasa nimeibandika ukutani karibu na ubao, isisahaulike.

Nimeanza kutekeleza. Umesema kazi ya usiku nisimwonee huruma: sitamwonea. Umesema akilala mchana nimwache: namwacha kabisa, na somo lililompita analifuata usiku kwa kulinakili. Wengine wananakili mara tano. Yeye, kwa kuwa ana ruhusa ya mzazi, mara kumi. Na habari ya mbalamwezi, darasa limeipokea kwa shangwe. Hata jina jipya amepewa.

Samaki mkunje angali mbichi, na wewe mvuvi unalijua hilo kuliko mimi. Miaka minne mfululizo kila mwanafunzi niliyempeleka kwenye mtihani wa Serikali amefaulu. Inspekta wa shule akija anataka kuona madaftari safi, nami nitamwonyesha madaftari safi.

Uendelee kuniandikia, Papa. Tunakungoja kwa hamu.

Henri


Baraka, tarehe 4 Novemba 2023

Baba,

Barua yako kwa Mwalimu Henri ilifika. Aliisoma darasani. Watu wote walifurahi. Iko ukutani, naiona kila asubuhi, na mwandiko wako ni mzuri kuliko nilivyokuwa nakumbuka.

Naomba tu usimwandikie tena. Si kwa ubaya. Ana shughuli nyingi na barua ndefu zinamchosha.

Kazi si mbaya kama nilivyosema mwanzoni, labda nilikuwa nadeka. Siku hizi nimejua kulala nikiwa nimesimama, nyuma ya darasa, mgongo ukutani. Nakutania. Arlette ananisaidia. Mwandiko wake na wangu hata mimi siwezi kuutenganisha, basi tunagawana kurasa. Yeye ananiimbia nyimbo za kwao za kulima ili nisifumbe macho, sauti mbaya sana, Shangazi anapiga ukuta.

Shangazi anasema nimekonda, lakini unamjua Shangazi, kwake kila mtu amekonda. Kula vizuri nawe.

Riziki


Ubwari, tarehe 27 Novemba 2023

Mama yangu Riziki,

Kijiji kizima kimesikia. Barua yangu, ukutani, sekondari ya Baraka! Mzee Alimasi, mbishi wa kuzaliwa, alitaka ushahidi. Nikamwonyesha maandishi ya mwalimu wako, hapo palipoandikwa mtu mwenye hekima, akasoma mara mbili akanirudishia kwa mikono miwili. Imamu naye alinipa mkono. Mimi huyu, niliyetolewa la tano nikilia kwa kukosa karo, leo walimu wanajifunza kwangu. Nilipokuwa peke yangu nilitoa machozi, sikufichi.

Usiniambie nisimwandikie. Mtu akikuheshimu, nawe unamheshimu. Nimempelekea debe la ndagala kavu na shauri jingine: akuketishe peke yako nyuma kabisa, wenzako wasikusumbue unapolala.

Leo mwezi umejaa, hatukuingia ziwani. Nimelala tangu magharibi, nikajua nawe umelala, moyo ukatulia. Mwalimu ameandika kwamba umepewa jina. Ni jina gani? Niambie, nianze kukuita hilo.

Baba yako,
Useni


Baraka, tarehe 17 Februari 2024

Papa Useni,

Mimi ni Arlette, ninayekaa chumba kimoja na Riziki. Hajui kwamba nakuandikia. Akijua ataninunia, lakini afadhali aninunie akiwa mzima.

Papa, jina lake shuleni ni Mbalamwezi. Si jina la heshima. Siku Mwalimu aliposoma barua yako, alimsimamisha Riziki mbele, akaigiza sauti ya mvuvi mzee, na darasa likacheka hadi watu wakapiga meza. Hata mimi nilicheka, nakuambia ukweli, kabla sijamwona uso wake. Tangu siku hiyo Mwalimu akiingia anauliza, "Mbalamwezi, ulilala muzuri? Papa anakusalimia." Amekalishwa peke yake nyuma kama ulivyoshauri, kwenye benchi lisilo na meza. Anaandikia magotini. Ndagala zako walimu walizila na ugali, wakasema baba ya Mbalamwezi atume tena.

Kila akisinzia anaongezewa kurasa. Mwezi wa Januari nilizihesabu zikafika mia tatu na kumi. Nusu nimeandika mimi. Mimi sina akili nyingi, darasani niko wa mwisho mwisho, lakini mkono ninao.

Sasa hili ndilo la kukuandikia. Juzi tulikwenda kuchota maji. Akalala amesimama kwenye foleni ya bomba, akaanguka na ndoo, akapasuka juu ya jicho. Bamama wa pale bombani walidhani ni kifafa. Walipomwinua akawaambia, "Muniache kidogo, mi niko naandika." Shangazi Hawa anasema ni malaria, amemnunulia dawa. Si malaria.

Mimi nampenda Riziki. Nyumbani nina kaka watupu, sikuwahi kuwa na dada. Naomba uje umchukue wiki moja tu, alale kwenu. Usiandike barua, Papa. Njoo wewe mwenyewe.

Arlette


Ubwari, tarehe 23 Februari 2024

Wewe Arlette,

Nimesoma. Barua yako sikumsomea mtu.

Mimi ni mtu mzima, sikuzoea kufundishwa na mtoto wa watu namna ya kuelewa maneno ya wakubwa. Mwalimu ameniandikia kwa mkono wake kwamba mimi ni mtu mwenye hekima. Wewe unasema alinicheka. Nimwamini nani, mwalimu aliyefundisha miaka kumi na moja, au aliye wa mwisho mwisho darasani? Umejitaja mwenyewe, sikukutaja mimi.

Tena umekiri kwamba unamwandikia kazi zake. Ndiyo maana anasinzia. Botini anayesinzia ni yule anayevutiwa wavu na wenzake. Mwanangu alikuwa akiniandikia barua za raha, wewe ndiye unaniletea damu na kifafa. Mchonganishi haandiki vingine.

Barua yako nimempelekea Mwalimu Henri, ajue ni nani anayemharibia darasa.

Useni


Baraka, tarehe 2 Machi 2024

Papa Useni,

Nakushukuru kwa barua ya Arlette. Nilikuwa sijui kwamba madaftari mawili ya darasa langu yanaandikwa na mkono mmoja. Sasa najua, na ni kwa msaada wako.

Riziki ataanza upya kurasa zote za Januari kwa mkono wake, mbele ya macho yangu, Jumamosi na Jumapili. Usiogope. Ana akili, nitamfikisha. Yule mwingine sikumwambia neno. Wanafunzi wa aina yake ni mzigo kwa shule, na kila mzigo una mahali pake pa kutuliwa.

Ndagala zilikuwa nzuri sana. Walimu wote wanakusalimu.

Henri


Baraka, tarehe 20 Mei 2024

Baba,

Mtihani wa insha, ule unaotangulia mingine, umekwisha. Mimi nimeruhusiwa kuendelea na ile ya mwisho. Arlette amerudi kwao Lubondja, alikosana na wasimamizi. Chumba kimekuwa kikubwa.

Nimelala siku mbili mfululizo. Shangazi alidhani nimekufa, akaniwekea kioo puani. Mwalimu Henri ameniondolea kunakili mpaka nimalize. Kumbe inawezekana, ilikuwa ni neno moja tu la kinywa chake.

Usiniulize mengi. Bado nina usingizi.

Riziki


Ubwari, tarehe 12 Agosti 2024

Mama yangu, nesi wangu!

Asilimia sitini na nne! Mahmudu aliimba matokeo tangu boti ikiwa mbali, kabla hata hajazima injini. Nilikimbia majini na nguo zangu. Mzee Alimasi amelia, mimi nimelia, vijana wamekubeba hewani ingawa hupo, wamenibeba mimi badala yako. Mama yako huko aliko amesikia.

Mwalimu Henri ameniandikia kirefu. Anasema darasa lake lote limefaulu kwa mwaka wa tano, maana yule wa Lubondja hakuhesabiwa, alifutwa siku ya insha kwa kukuomba majibu. Anasema wewe mwenyewe ulitia saini ushahidi. Vizuri sana. Nilisema tangu Februari kwamba msichana yule si mtu, mkabaki mnaniona mzee wa samaki. Mwizi siku zake ni arobaini.

Njoo Ijumaa. Mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba, mkubwa, mweupe, na watu wa vijiji viwili wamealikwa. Baada ya swala utasimama uwaeleze watoto wa hapa jinsi mtu anavyofika.

Baba yako mwenye furaha,
Useni


Baraka, tarehe 19 Agosti 2024

Baba,

Nimekuacha ukingoja na mbuzi wako. Mfungue tu, kwa sababu hata Ijumaa ijayo siji.

Nitakueleza yaliyotokea, na hii usiwasomee vijana wa boti.

Siku ya insha nilisoma swali, nikaandika jina langu na mistari kama kumi, kisha sikumbuki. Nililala, Baba. Nililala kabisa, mate yakatoka kwenye karatasi. Wasimamizi walikuwa watu wa mbali, na kazi yao si kuamsha mtu. Mmoja alipita, akaniangalia, akaendelea na safari yake. Arlette alikuwa ameketi nyuma yangu. Nadhani alivumilia muda mrefu, maana karatasi yake mwenyewe ilikuwa karibu tupu. Mwishowe akanyoosha mkono, akanishika bega, akasema, "Riziki, amuka, saa inaisha." Hakusema kingine. Nikaamka, nikaandika kurasa tatu. Ni hizo kurasa tatu zilizonipitisha.

Msimamizi aliuona mkono na akaisikia sauti. Akaandika majina yetu yote mawili, kwamba tumeongea mtihanini. Tulipotoka, Mwalimu Henri aliniita ofisini peke yangu. Karatasi alikuwa ameshaiandika. Ilisema Arlette aliniomba majibu, nami nikamkatalia. Akaniambia, "Kama ni babili, bote babili banatoka. Kama ni moya, moya anabakia. Mi siwezi kukupoteza we juu ya ule." Nikasema si kweli, aliniamsha tu. Akavuta kiti, akakaa. "Basi tutaikala hapa mpaka ukumbuke muzuri. Mi niko na wakati."

Mezani pake palikuwa na barua ya Arlette, ile uliyomtumia. Niliijua kwa mwandiko, si unajua unafanana na wangu. Hapo ndipo nilipoisoma kwa mara ya kwanza, ikiwa imemwelekea yeye, juu chini. Niliona alipoandika kwamba ananipenda, na alipoandika kwamba yeye ni wa mwisho mwisho. Mwalimu alikuwa amepigia mstari mwekundu hapo pa mwisho mwisho. Ndivyo alivyojua amtoe nani.

Ningeweza kukuambia kwamba nilisaini kwa ajili ya diploma, au kwa ajili ya Mama. Ingekuwa afadhali. Lakini nilikaa pale labda saa nzima, kichwa kikawa kinaanguka, na kila nikifumba macho anagonga meza kwa rula. Kisha akasema kwa upole, mara ya kwanza mwaka ule kusema nami kwa upole, "Saini, Mbalamwezi, uende ulale." Nikasaini ili nikalale. Hakuna kingine nilichofikiri. Nilimpita Arlette mlangoni kwa Shangazi, akaniuliza, "Alikuambia nini?" Nikamjibu kesho, nikaanguka kitandani. Zile siku mbili nilizokuandikia ndizo hizo. Nilipoamka, upande wake wa chumba haukuwa na kitu.

Wewe ulituma ile barua, mimi nikatia saini. Sikubebeshi peke yako. Ila usiniambie tena kwamba msichana yule si mtu.

Wiki iliyopita nilikwenda Lubondja. Nilitaka kumwambia mama yake ukweli, ajue kwamba mwanawe hakuiba kitu. Nilifika jioni. Mama Suzanne alinikumbatia kabla sijasalimia. "Ni we Riziki? Karibu mutoto. Arlette anakutajaka kila siku." Hajui lolote. Arlette alimwambia kwamba aliugua siku ya mtihani. Nilipewa ugali na sombe ya majani ya mihogo, nikala. Arlette hakunitukana wala hakunitazama sana. Mikono yake imechubuka kwa jembe. Alinitandikia mkeka wake mwenyewe, akalala chini karibu na mlango, nami nikajiambia nitasema asubuhi tukiwa tumekaa wote watatu.

Niliamka jua liko juu ya nyumba. Ndani hamna mtu. Mama Suzanne alikuwa uani anamenya mihogo, akaniambia Arlette ameshakwenda shambani tangu alfajiri. Nikamuuliza kwa nini hawakuniamsha.

"Mi nilitaka," akasema. "Arlette akakataza. Alisema, 'Ule mumuache alale. Mi sitamuamusha tena.'"

Aliyasema akicheka, alidhani ni upendo. Nilichukua kisu kingine nikamsaidia mihogo. Akaniuliza habari za diploma, nikamwambia nimepata, akapiga vigelegele pale uani hadi majirani wakaja kuniona. Pikipiki ilipofika nilipanda nikaondoka, na sikuwa nimemwambia.

Riziki